Giaboksi ya Gari Kuukuu: Kutengeneza, Kubadilisha au Kuuza?

Toyota IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani leo ni gari la umri wa kijana aliyemaliza sekondari, na bado Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zimejaa tele, nyingine zikipiga kazi ya teksi za mtandaoni tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Ziongeze Spacio, Premio, Noah, X-Trail na Fit za rika hilo, utapata sura halisi ya magari yetu. Injini inawaka kwa ufunguo wa kwanza na bodi inang'aa kwa rangi mpya, lakini kati ya injini na magurudumu kuna mtambo ambao mwenye gari hajawahi kuuona, na huenda hajawahi kuubadilishia oili tangu alinunue.

Mtambo huo unapoanza kusumbua, mazungumzo ya gereji huwa mafupi.

"Bosi, giaboksi hii imekwisha."

"Sasa tunafanyaje, fundi?"

"Tafuta nyingine, kesho jioni unaondoka na gari lako."

Hakuna kilichopimwa, na tayari mtu ameanza kupiga simu kutafuta mamilioni. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Uchakavu wa giaboksi upo na haukwepeki, ila fedha nyingi zinapotelea katika mpangilio wa maamuzi: tunafungua kabla ya kupima, tunanunua kabla ya kufungua, na mwisho wa siku tunalipia ugonjwa mmoja mara mbili.

Umri wa gari na kilomita zake

Nchi za Afrika Mashariki zimeamua tofauti kuhusu umri wa magari yaliyotumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango. Ilichagua kulitoza ushuru wa ziada gari lililotimiza miaka 8. Matokeo yake, Mtanzania anaweza kununua gari lililokwisha kuishi maisha kamili Japani kabla ya kupanda meli.

Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi nazo zinahitaji ushahidi. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Karatasi ya mnada wa Japani huandikwa kilomita na daraja la gari, hivyo ni vyema kuidai kabla ya kulipa. Ikikosekana, tazama vitu ambavyo wauzaji husahau kuvibadilisha: raba ya pedeli ya breki iliyolika upande mmoja, ngozi ya usukani iliyolainika, ukingo wa kiti cha dereva uliobonyea. Gari linalodai kilomita 60,000 haliwezi kuwa na pedeli iliyobaki chuma kitupu.

Kuna kikwazo kingine kisichosemwa sana. Magari haya huja na kitabu cha Kijapani, kama kitabu kipo. Mwenye gari hajui giaboksi yake inataka oili gani wala ibadilishwe lini, naye fundi hukisia. Nusu ya matatizo tutakayoyaeleza huanzia hapo.

Giaboksi tatu, tabia tatu

Ya kwanza ni ya manyuali, yenye klachi ya mguu, tunayoikuta kwenye Hiace nyingi za daladala na Probox za mizigo. Hii husamehe mengi. Ikisumbua, mara nyingi tatizo liko kwenye klachi pleti, plesha pleti au beringi yake, vitu vinavyobadilishwa bila kugusa gia zenyewe. Gia inayokwaruza unapoingiza namba mbili, hasa gari likiwa baridi, inaashiria kuchakaa kwa zile pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijakutana. Hapa oili ina neno: nyingine za daraja la GL-5 zina viambato vinavyoweza kuila shaba hiyo, ndiyo maana giaboksi nyingi za manyuali hutaka GL-4. Duka la oili halitakuuliza. Wewe ndiye wa kujua.

Ya pili ni otomatiki ya kawaida, ile ya gia nne iliyomo kwenye IST na Spacio. Ndani yake mna toki konveta inayopokea nguvu ya injini kwa njia ya oili, klachi ndogo nyingi zilizopangwa safu kwa safu, na valvu bodi ambayo solenoidi zake hufungua na kufunga njia za oili kwa amri ya kompyuta. Oili humo hufanya kazi nne kwa pamoja: inasukuma, inalainisha, inapooza, na inaziwezesha klachi kushikana kwa kiwango sahihi cha msuguano. Kwa hiyo oili isiyo yake inaweza kulainisha vizuri kabisa na bado ikaiua giaboksi.

Ya tatu ni CVT, isiyo na gia za kuhesabu. Mkanda wa chuma unazunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, mfano wa mkanda wa mashine ya kusaga nafaka, isipokuwa huu hukaa ndani ya oili yenye shinikizo kubwa. X-Trail za toleo la mwaka 2007 na kuendelea nyingi ni za aina hii, vivyo hivyo Fit za Japani za toleo la kwanza, Fielder za 2006 na Premio za 2007. CVT hutumia mafuta kidogo na hukimbia bila mshtuko, lakini haivumilii uzembe. Mkanda ukiteleza hata kidogo huacha mikwaruzo kwenye puli, na puli iliyokwaruzwa haisafishiki kwa oili mpya. Hili halitokani na ufundi wetu pekee: nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya miaka ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haiongezi dhamana ya namna hiyo pasipo sababu.

Anayenunua gari kuukuu bila kujua liko kundi gani kati ya haya matatu ananunua gizani.

Kinachoziua

Adui mkubwa ni joto. Toki konveta huzalisha joto jingi gari linapokwenda na kusimama, na foleni ya Barabara ya Morogoro saa 12 jioni ni kwenda na kusimama kutupu. Oili ikipata joto kupita kiasi inaungua, inapoteza uwezo wa kuzishikanisha klachi, klachi zinateleza, na kuteleza kunazaa joto zaidi. Mzunguko huo ukishaanza haujikati wenyewe.

Hapa ndipo yanapotupoteza maneno kwamba oili ya giaboksi fulani ni ya maisha. Watengenezaji wanaosema hivyo huzungumzia matumizi ya kawaida. Kitabu hichohicho hutaja matumizi magumu yanayodai oili ibadilishwe mapema: foleni, joto, milima, vumbi, mizigo mizito. Dereva wa Mbagala anayeingia Kariakoo kila siku yumo kwenye orodha hiyo karibu mstari kwa mstari.

Adui wa pili ni kupungua kwa oili. Oili ya giaboksi haiungui ikaisha kama ya injini. Ikipungua, inavuja mahali. Sili za ekseli, gasketi ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) na mipira inayokwenda kwenye rejeta ndizo za kutazamwa kwanza. Tone moja chini ya gari kila asubuhi linatosha kuleta msiba baada ya miezi kadhaa, na sili yenyewe ni miongoni mwa spea za bei ndogo.

Wa tatu ni maji. Magari mengi hupoozea oili ya giaboksi ndani ya tangi la rejeta. Rejeta ikioza kwa ndani, maji na oili hukutana, na oili inageuka rangi ya maziwa yenye wekundu. Njia nyingine ni mafuriko: atakayelipitisha gari bondeni Jangwani wakati wa masika, maji yakiwa juu ya ekseli, ajue kwamba giaboksi ina tundu la kupumulia, na tundu hilo halichagui hewa wala maji.

Wa nne ni mkono wa dereva. Wapo wanaoingiza D gari likiwa bado linarudi nyuma, na wapo wanaoegesha mlimani kwa P peke yake bila handibreki, uzito wote ukabebwa na kipini kidogo cha chuma. Wapo pia wanaotia nyutro wakiteremka Kitonga wakidhani wanaokoa mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe unapoachia pedeli gari likiwa kwenye gia. Ukitia nyutro, injini inalazimika kupewa mafuta ili isizime, nawe umebaki na breki tu. Na gari la otomatiki likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini; injini ikiwa imezima, sehemu za giaboksi zinazunguka bila kulainishwa. Liinuliwe, au lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Pima kwanza

Dalili zinajulikana. Unaingiza D, gari linasita kabla ya kushika. Injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Gia inapanda kwa kishindo. Gari linatetemeka linapoondoka. Taa ya O/D OFF kwenye Toyota, au ya D kwenye Honda, inapepesa. Wakati mwingine gari hugoma kupandisha gia kabisa: kompyuta imeona hitilafu, ikaifunga giaboksi kwenye gia moja ili ujikongoje hadi gereji.

Dalili hizo si hukumu. Mtetemo wakati wa kupanda kilima unaweza kutoka kwa koili ya plagi inayokatakata. Kishindo cha kuingiza R kinaweza kuwa cha injini mauntingi iliyokatika. Kugoma kupandisha gia kunaweza kusababishwa na sensa ya mwendo au waya uliotafunwa na panya. Fit ya zamani inayotetemeka inapoondoka mara nyingi hutulia ikiwekewa oili yake maalumu ya HMMF, wakati mwenye Fit mwingine ameshauziwa giaboksi nzima kwa ugonjwa huohuo.

Kwa hiyo kuna utaratibu, na unaanzia kwenye hatua ya bei nafuu kabisa.

Hatua ya kwanza ni oili yenyewe. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, gari liwe mahali tambarare, limepata moto, injini inawaka. Pitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote, urudi P, kisha chomoa kijiti, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Kiwango kiwe ndani ya alama za joto. Sasa dondosha tone moja juu ya tishu nyeupe, uliangalie. Oili nzuri ni nyekundu na husambaa ikiacha doa safi. Ya kahawia imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, iliyoacha masizi katikati ya doa, imebeba vumbi la klachi. Honda za otomatiki ya kawaida hupimwa mara tu baada ya kuzima injini, na magari yasiyo na kijiti hupimwa kwa tundu la chini oili ikiwa na joto maalumu. Fundi asiyejua tofauti hizi asiruhusiwe kufungua chochote.

Hatua ya pili ni kompyuta. Namba P0700 inasema tu kwamba giaboksi ina jambo; zinazoifuata ndizo zenye habari, kama P0740 inayohusu klachi ya toki konveta au zile za kundi la P0750 zinazohusu solenoidi. Solenoidi moja mbovu hubadilishwa kwa kushusha sampo, giaboksi ikibaki mahali pake.

Hatua ya tatu ni kuliendesha gari, likiwa baridi na likiwa moto, tambarare na mlimani, fundi akiwa kwenye usukani au kando yako. Giaboksi inayofanya vizuri asubuhi na kulegea baada ya nusu saa inalalamikia joto na shinikizo la oili, na hilo ni tofauti na waya uliokatika.

Hatua ya nne ni kushusha sampo. Ndani yake mna sumaku ndogo. Ujiuji laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vinavyong'aa, au vumbi jeusi lililojaa sampo nzima, maana yake kuna kitu kinavunjika au klachi zimekwisha. Ni hapo tu, baada ya hatua hizi nne, ndipo neno "imekwisha" linapopata uzito.

Ubishi wa oili mpya

Hakuna ubishi uliogawa magereji kama huu: je, giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili ibadilishwe sasa, au iachwe ife kifo chake? Wanaosema iachwe wana mifano ya magari yaliyoingia yakitembea, yakawekwa oili mpya, wiki iliyofuata yakasimama.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini maelezo yake hayajakamilika. Watu wengi hukumbuka oili pale dalili zinapoanza. Giaboksi ilikuwa tayari inateleza, klachi zimelika, na uchafu ulioelea ndani ya oili nzee huenda ulikuwa ukisaidia msuguano kidogo. Oili mpya ilikuta maiti. Makosa mengine ni ya kazi yenyewe: oili isiyo sahihi, kiwango pungufu, au mashine ya kusukuma oili kwa nguvu iliyong'oa uchafu na kuupeleka kwenye matundu membamba ya valvu bodi.

Msimamo unaofaa ni huu. Giaboksi isiyo na dalili, hata ikiwa na kilomita 180,000, ibadilishwe oili kwa upole: mwaga, jaza, tembea wiki mbili tatu, rudia. Kumwaga kwa sampo hutoa takriban theluthi hadi nusu ya oili yote, kwa kuwa iliyobaki imo ndani ya toki konveta. Ukitoa asilimia 40 kila mara, baada ya mara tatu karibu asilimia 78 ya oili itakuwa mpya, na mtambo haukupata mshtuko. Giaboksi yenye dalili ndogo ijaribiwe vivyo hivyo, mwenye gari akijua kwamba anajaribu. Inayoteleza waziwazi haiponywi kwa oili. Anayekuahidi hivyo anauza oili.

Aina ya oili haina mjadala. Toyota ina T-IV na WS, na kwa CVT zake TC au FE. Nissan ina Matic kwa otomatiki na NS-2 au NS-3 kwa CVT. Kwenye Toyota nyingi jina la oili limechorwa kwenye kijiti chenyewe. Oili ya otomatiki ikiingia kwenye CVT, mkanda utateleza. Rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika ni cha chuma.

Hesabu ya mwisho

Tuseme vipimo vimethibitisha kwamba giaboksi imekufa. Wengi hulinganisha gharama ya matengenezo na bei waliyonunulia gari. Bei hiyo ilishapita, haina kazi tena. Kipimo chenye maana ni tofauti kati ya thamani ya gari likiwa zima na thamani yake lilivyo sasa. Chukua mfano: gari zima linauzwa shilingi milioni 9, na lilivyo bovu wateja wanafika milioni 6. Matengenezo ya milioni 2 yana mantiki. Ya milioni 4 hayana, labda kama unajua injini, bodi na chasi yake vitakutumikia miaka mingi. Ujuzi huo nao ni mali. Ukiliuza na kununua jingine la bei hiyohiyo, unapokea giaboksi ya mtu mwingine ambayo historia yake huijui.

Kuovaholi ni chaguo zuri pale palipo na fundi mwenye vifaa na uzoefu wa aina hiyo ya giaboksi, na spea zake zinapatikana. Otomatiki za Toyota za gia nne zinatengenezeka. CVT iliyokwaruza puli ni habari nyingine. Wengi huibadilisha nzima.

Giaboksi ya mtumba, ile ya Gerezani kule Dar au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ni bahati nasibu unayoweza kuipunguzia hatari. Soma kwanza kibati cha gari lako chini ya boneti. Kwenye Toyota kuna mstari wa TRANS/AXLE wenye namba ya giaboksi, na namba hiyo ifanane na unayonunua. Ya gari linaloendesha magurudumu manne haiingii kwenye la mawili. Dai dhamana ya maandishi, hata ya wiki mbili. Kabla ya kufunga, njia za kupoozea oili zisafishwe au zibadilishwe, maana zimebeba vipande vya giaboksi iliyokufa. Toki konveta isukumwe hadi ikae mwisho kabisa. Isipokaa, boliti za kufungia zitaivunja pampu, na giaboksi uliyonunua asubuhi itakufa jioni. Baadhi ya CVT huhitaji pia kompyuta ifundishwe upya. Fundi asiye na kifaa cha kuifundisha aseme mapema.

Vyuo vya ufundi, VETA ikiwa mbele, vina nafasi hapa. Magari mengi ya binafsi tunayoyaingiza ni ya otomatiki, kwa hiyo kijana anayehitimu umekanika bila kujua kusoma shinikizo la oili na namba za kompyuta amefunzwa kwa magari ya jana.

Nawe mwenye gari, usikubali neno "imekwisha" likiwa tupu. Mwambie fundi akuonyeshe oili kwenye tishu, akusomee namba za kompyuta, apande na wewe mlimani, akushushie sampo uone sumaku. Akikataa, lipeleke gari kwa mwingine. Gharama ya vipimo hivyo vyote ni ndogo kuliko ya giaboksi moja uliyonunua bila kuihitaji.